Laini ya Maombi ya Mama Jacky

Jepchumba alikuwa akijiambia kwamba yeye si mtu wa wivu. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu asiye na wivu.

Watu wa Merrylands, mtaa wa Sydney, walimwita Mama Jacky. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kapsabet, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huko Seven Hills, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ndiye mwenye laini ya maombi. Ukitaka kumuudhi, sema laini ya kanisa. Ilikuwa laini yake. Aliianzisha wakati kanisa lao la Kiswahili lilipokuwa watu tisa sebuleni kwake, kabla hawajakodi ukumbi, na namba ya siri ya kuifungulia aliijua yeye peke yake.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, unapiga namba ileile, mashine inakukaribisha kwa Kiingereza na kukuambia mko wangapi. Kisha unamsikia Mama Jacky akiomba kwa nusu saa, nawe unaitikia amina ukiwa kitandani, jikoni au ndani ya gari. Enzi zile mashine ilikuwa ikitaja arobaini, siku nyingine hamsini. Mwaka huu ilitaja sita, na huyo wa sita ni kumhesabu Mama Jacky mwenyewe.

Wengine walikuwa wapi? Walikuwa kwa Ninahazwe.

Na huyo Ninahazwe, mtu angemtafutia sifa gani? Hakuwa na laini, hakuwa na cheo. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, msafishaji wa ofisi, na hapo kanisani alikuwa na miaka miwili tu. Alikuwa na nyumba ndogo ya kupanga Auburn, nyuma ya gereji za magari, na birika kubwa la chai. Jumamosi watu walikwenda kumsalimia, wakaombewa, wakarudi wakisema, “Amenikumbuka.” Hakumwalika mtu. Chema chajiuza, na hilo ndilo lililomkera Jepchumba kuliko yote, maana angekuwa anajitembeza, angalau angepata la kumsema.

Aliyemuuma zaidi ni Waceke. Waceke alipotua Sydney kwa mara ya kwanza, ni Jepchumba aliyempokea uwanja wa ndege, akamlaza chumbani kwa Jacky miezi minne, akamfundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya duka kubwa mpaka bampa ikang’oka. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, Jepchumba anatoka nje na bakuli la mandazi, anamkuta Waceke huyohuyo, mtoto mgongoni, amemwegemea Ninahazwe begani analia. Ninahazwe amemshika mkono, anaomba polepole kwa ile sauti yake ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Jepchumba alisimama na bakuli lake. Akarudi ndani kwa mlango wa nyuma, na yale mandazi akayarudisha nyumbani.

“Anampa nini huyo Mrundi?” alimuuliza mumewe jioni ile.

Kiprono, dereva wa forklift ya kupakia mizigo na mtu wa maneno machache, alikuwa anakata kucha. “Labda anamuuliza hali,” akasema.

Chakula cha usiku huo alijipakulia mwenyewe.

Mwezi wa nane Mchungaji Gitau alianza mafundisho ya yale makanisa saba ya Ufunuo, kila Jumapili kanisa moja. Gitau alikuwa dereva wa basi. Saa kumi na moja alfajiri tayari yuko barabarani, kwa hiyo mambo ya laini aliyajua kwa kuambiwa tu. Siku ya kwanza, baada ya Efeso, alitoa tangazo. Maombi ya alfajiri yamepoa, alisema, na Jumapili ya saba, baada ya Laodikia, waumini watainua mikono kuamua nani ayaongoze. Hakutaja majina, ila vichwa viligeuka upande wa Ninahazwe, naye alikuwa ameinama anamfunga mtoto wa mtu kamba za viatu.

Tangu siku hiyo Jepchumba hakukosa somo hata moja. Nyani haoni kundule: kila kanisa lililosomwa alilitafutia mtu wake. Efeso, waliouacha upendo wao wa kwanza, ni hawa wote waliomkimbia. Smirna, maskini walioteswa wasikane, alijiwekea yeye. Thiatira, na yule mwanamke aliyejiita nabii akawapotosha watu, hakuhitaji hata kufikiri. Aliandika pembeni mwa daftari herufi moja, N, akaipigia mstari mara mbili.

Sasa kuna jambo ambalo Mama Jacky asingependa lisemwe, lakini bila hilo hadithi haiendi.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa saba, baridi ya kukata mifupa, Jepchumba alifanya zamu mbili mfululizo sauti ikamkauka. Akaogopa kukosa maombi ya Jumatatu. Jumapili mchana alipopata nafuu kidogo akajirekodi kwenye tableti, nusu saa nzima, na alfajiri akaiweka tableti kando ya simu, akabonyeza, akaenda kupiga pasi sare yake. Kosa lingeishia hapo. Ila siku ileile watu watatu walimwandikia: Mama, leo umewaka. Akajirekodi ya Jumanne. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na rekodi tano, moja kwa kila siku, nzuri zote, zenye kilio mahali pake na wimbo mahali pake. Tangu hapo, mwaka mzima na zaidi, saa kumi na moja tableti iliomba na Jepchumba akaoga, akapika uji, akachana nywele.

Kiprono alimwambia mara moja tu. “Siku moja na Mungu naye atakuwekea voicemail.”

Wale waliobaki kwenye laini hawakugundua, na sababu ni ya aibu vilevile. Walikuwa wakipiga simu, wanaiweka kwenye mto, wanalala. Mzee Salvator alikuwa akikoroma waziwazi. Tableti ikawa inawaombea watu waliolala, na kila mtu akajiandikia kwamba ameamkia maombi.

Namba moja tu ndiyo iliyomtatiza Jepchumba. Iliingia kabla ya zote na kutoka baada ya zote. Ilikuwa ya Ninahazwe. Ana maombi yake Auburn, sasa huku anatafuta nini? Jepchumba alikata shauri kwamba anapelelezwa.

Jumapili ya tano ikawa zamu ya Sardi. Mchungaji Gitau alisoma juu ya kanisa lenye sifa ya kuwa hai na ndani limekufa, akasema Bwana hakuwagombeza kwa wizi wala uzinzi. Aliwaambia waamke, wakaze kile kidogo kilichobaki kabla nacho hakijafa. Jepchumba alikuwa ameshika kalamu tayari. Safari hii hakuandika herufi ya mtu. Alijisikia vibaya, na kwa kuwa hakutaka kujua kwa nini, akakasirika, akatafuta wa kumkasirikia. Hakwenda mbali.

Walikutana jikoni mwa ukumbi, Ninahazwe akisuuza vikombe vya chai.

“Ninahazwe, nataka kukuuliza kitu,” Jepchumba akasema. “Wewe si uko na watu wako Auburn? Kwani kila asubuhi unafanya nini kwa line yangu?”

“Naomba, Mama Jacky.”

“Unaomba ama unanichunga?”

Ninahazwe alifunga bomba. Alitazama mlangoni, akaona hakuna mtu, ndipo akashusha sauti. “Mama, tangu mwezi wa tatu, kila Jumatatu unamuombea Waceke ajifungue salama. Yule mtoto ameshaota meno.”

Jepchumba aliurudisha mlango.

“Na ile ya Jumanne, kuna treni inapita ukifika kuombea wagonjwa. Kila Jumanne, pale pale.” Ninahazwe alikuwa akikausha kikombe kilichokwisha kauka. “Nikasema, Mama Jacky amechoka. Kambini mzee wetu wa maombi alichoka hivyo. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba alfajiri, halafu akaacha kuuliza watu shida zao, anasema tu ile maneno ya jana. Watu wakaacha kufungua milango. Mama yangu akatukataza kuacha. Alisema mtu akikosa hata wa kumuitikia amina, hawezi kurudi. Basi mimi naitika.”

“Umemwambia nani?”

“Nani nimwambie?”

Mtu angedhani hapo moyo wa Jepchumba uliyeyuka. Wapi! Ulichemka. Kama Ninahazwe angemsema, angekuwa msengenyaji, na msengenyaji ana namna ya kushughulikiwa. Lakini kumfichia siri miezi sita, na kuiitikia tableti amina kila alfajiri kabla ya kwenda kusugua vyoo vya ofisi za watu, hilo Jepchumba hakuweza kulivumilia. Hata kwa wema alikuwa amemzidi. Aliendesha gari mpaka nyumbani bila kuwasha redio, na njiani alimuonea wivu Ninahazwe mpaka mama yake, yule wa kambini, ambaye huenda hata kaburi lake halijulikani lilipo.

Jumatatu alfajiri hakuiwasha tableti. Alikaa mezani jikoni na simu, akaingiza namba yake ya siri. Mashine ikasema wapo sita. Akaanza kuomba kwa kinywa chake, na mwanzoni alijisikia vizuri kabisa. Maneno yalikuja yenyewe, yakapanda, yakashuka. Akashukuru kwa usiku. Akawaombea walio kazini. Akasema, “Na dada yetu Waceke, Bwana, umjalie ajifungue salama.”

Alisikia alichosema, akanyamaza.

Alikuwa ameomba rekodi. Tableti ilikuwa imezimwa, lakini rekodi ilikuwa imehamia ndani yake, na alipoisukuma kando atafute maneno mengine hakukuta kitu. Alipekua juu ya Waceke, mtoto wake wa kumlea, akaona hajui shida hata moja ya mwanamke huyo. Juu ya Salvator hakujua. Ukimya ukaenda dakika moja, ya pili. Kwenye laini Salvator alikoroma, na mtu mwingine akageuka kitandani.

“Ninahazwe,” akasema. “Uko?”

“Niko, mama.”

Hilo lililofuata lilimgharimu kuliko zamu mbili za Seven Hills. “Waceke ana shida gani siku hizi?”

“Hapati usingizi. Mtoto meno yanamuuma. Na mume wake wamempunguzia siku za kazi, wanaogopa nyumba.”

“Mzee Salvator?”

“Jicho la kushoto. Anaona ukungu, amewaficha watoto wake.”

Kila jibu lilimchoma. Kwa nini uliambiwa wewe? Kwa nini si mimi? Na kila mara jibu la swali hilo alilijua: kwa sababu wewe uliuliza. Akauliza habari za wote, mmoja mmoja, akaandika nyuma ya karatasi ya zamu zake za wiki, kisha akawaombea, sentensi mbili mbili, bila kilio na bila wimbo. Yalikuwa maombi mabaya kuliko yote aliyowahi kuyaongoza. Ninahazwe aliitika amina kila jina.

Zilipobaki dakika tano Jepchumba akasema, “Shika kalamu.”

“Ya nini?”

“Namba ya siri. Kesho utafungua wewe.”

“Mama, hapana. Jumapili ya saba haijafika.”

“Mikono ya watu haiwezi kuamua kitu hawakijui. Shika kalamu, Ninahazwe, kabla sijabadilisha nia.” Alitaja tarakimu sita, polepole. Zilikuwa tarehe ya kuzaliwa kwa Jacky. Sauti ilimtetemeka kwenye ile ya mwisho, na haikuwa kwa unyenyekevu. Alikuwa anajisikia kama mtu anayevuliwa pete kidoleni.

Kisha akampigia Mchungaji Gitau, ambaye alikuwa amesimamisha basi kituoni akisubiri wakati wa kuondoka, akamwambia yote, rekodi tano na treni ya Jumanne. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kama kesho atakuwepo kwenye laini. “Nitakuwepo,” akasema. “Kama mtu wa kawaida.”

Jumanne aliamka mapema kuliko ilivyohitajika. Kiprono alimkuta jikoni, simu iko mezani, uji haujapikwa, akauteleka mwenyewe. Jepchumba alipiga namba saa kumi na moja kasoro dakika sita ili awe wa kwanza. Mashine ikamwambia kwamba yeye ni wa pili.

Wivu ukampanda upya, mzima, kana kwamba jana haikuwepo. Aliona kidole chake kimekwenda kwenye kitufe chekundu. Hakukibonyeza. Akakaa na wivu wake palepale mezani, wengine wakaingia mmoja mmoja, wakaweka simu zao kwenye mito kama kawaida yao, na punde Salvator akaanza kukoroma.

Ninahazwe akafungua maombi bila mbwembwe. “Bwana,” akasema, “tunaanza na Mama Jacky. Miaka kumi na mmoja ametuamsha. Leo inamuuma. Umsaidie.”

Akangoja mtu aitikie, na aliyekuwa macho alikuwa mmoja tu.

“Amina,” Jepchumba akasema.