Serikali ya kigeni ilikuja Ronge kuchukua mtu wao, tukafukua kaburi hakuna kichwa

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa kwangu shikamooni, ingawa humu sidhani kama mko wengi.

Mimi shule niliiacha pale mwalimu alipoanza hesabu za kugawanya, kwa hivyo mtanivumilia na maandishi. Lakini hili nililiona kwa macho yangu mawili, wakati bado yanaona vizuri. Sitaongeza chumvi. Ikifika mahali nimesahau, nitasema nimesahau.

Kwetu ni Ronge, milimani huko juu ya Mwatate. Wakati huo nilikuwa mwashi, nafanya kazi Voi, nyumba za wafanyakazi wa reli nyingi nimezigusa kwa mkono wangu. Zingine zina nyufa sasa, lakini hiyo ni simiti ya kontrakta, sio mimi.

Basi.

Kulikuwa na nchi moja ndogo, haina bahari, sitaitaja jina kwa sababu bado iko na ina watu wazuri. Kahawa yao ilikuwa inapita Kenya kwa reli mpaka Mombasa. Nchi kama hiyo ikigombana na mwenye bandari imekwisha, inakunywa kahawa yake yenyewe. Kwa hivyo waliweka mtu wao Voi pale, wa kuangalia mabehewa yasipotee njiani. Aliitwa Anselmi.

Sisi tulimwita Balozi. Kwa utani tu. Balozi wa kweli alikuwa Nairobi, na gari lenye bendera. Huyu wetu alikuwa na baiskeli.

Baba yangu alimjua kwa sababu ya ndizi. Baba alikuwa anashusha ndizi Voi kuuza, na Balozi alikuwa mtu wa ndizi haswa, anazichagua kama mtu anachagua mchumba. Wakazoeana. Jumapili anapanda Ronge, anakula kwetu, anaenda kanisani na baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, muweke hilo akilini.

Halafu kwao kukapinduliwa serikali.

Embassy ya Nairobi wakamwita. Akaenda. Karani mmoja wa pale akachukua passport yake, akamwambia ngoja hapo nje. Akangoja mpaka wakafunga ofisi, karani akatokea mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri. Mshahara hakuna, nchi hakuna, na akirudi kwao anakamatwa.

Baba akamwambia, "Balozi, panda mlimani. Mahindi hayaulizi passport."

Akaja akakaa kwetu miaka. Alijengewa nyumba ndogo upande wa juu wa shamba. Kulima hakujua. Baba alikuwa anamcheka, "Nchi yako inauza kahawa dunia nzima na wewe hujui kushika jembe?" Naye anajibu, "Mzee, mimi nilikuwa serikali. Serikali hailimi, inakula." Tulikuwa tunacheka sana.

Lakini kila saa sita mchana alikuwa anaacha kila kitu, anapanda mwamba ulioko juu ya shamba, anasimama akiangalia magharibi. Pale unaona nyika yote, unaona moshi wa treni ya kwenda Taveta. Hatumsemeshi. Akimaliza anashuka kula.

Akaugua kifua, akafa. Baba alipeleka habari kwa DO, yule mkuu wa tarafa, DO akapeleka Nairobi, embassy ikajibu hawamjui mtu kama huyo.

Hawamjui. Tukamzika sisi, na suti yake na tai, padri akasoma.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza, na naomba msome polepole.

Nilikuwa nimepanda nyumbani kutoka Voi, jua kali, mama yangu anapakua chakula. Akainua kichwa akaangalia juu ya shamba, akasema, "Mwambie Balozi ashuke, ugali unapoa."

Nikageuka kwenda kumwita. Nilikuwa nimeshapiga hatua wakuu, ndipo nikakumbuka.

Mama naye akakumbuka. Akaweka sufuria chini.

Mwambani kulikuwa na mtu. Sio kivuli, sio ukungu, jua lilikuwa linawaka. Mtu mwenye koti jeusi, amesimama kama alivyokuwa anasimama, ametugeuzia mgongo. Tulikula tukiwa tumemgeuzia mgongo na sisi. Mngefanya nini?

Baada ya hapo kila mtu wa nyumba alimwona, siku moja moja. Ng'ombe walikataa kula majani upande ule. Mama akaanza kuumwa miguu, akawa hatembei vizuri. Baba alikuwa anasema tu, "Anasimama. Haketi." Kisha anasoma Biblia yake.

Halafu ikaisha. Siku nimekuja nyumbani, mwamba mtupu, ng'ombe wako pale wanakula majani, mama anatembea. Sikuuliza. Mambo mengine ukiuliza unayaamsha.

Miaka ikapita. Kule kwao wakapinduana tena. Wakubwa wapya wakasema wale wote waliofia nje warudishwe, wazikwe kwa heshima, nchi ipatane. Na wakati huo majirani zetu wa Tanzania na sisi tulikuwa tumefungiana mpaka, pale Taveta hata kuku hapiti. Kwa hivyo sisi tulikuwa tumekosa mizigo ya upande ule, na nchi ile ndogo bado haina bandari ya kutegemea ila yetu. Ikawa ni urafiki mkubwa ghafla. Wao wanataka bandari, sisi tunataka mizigo. Maiti ya Balozi ikawa kitu cha serikali mbili.

Mimi nikaitwa na chifu kutoka Voi nije nifukue, kwa kuwa ni mwashi na ndimi niliyelijengea lile kaburi.

Walikuja na Land Rover mbili. Alikuwepo inspekta wa polisi, chifu wetu, mtu wa embassy mwenye miwani aliyeitwa Sekretari, na mama mmoja mrefu, mkimya, rozari mkononi. Huyo ni dada yake Balozi, Veneranda. Walikuwa na sanduku jipya linang'aa, na bendera imekunjwa vizuri.

Nikavunja simiti, nikachimba, na binamu yangu ananisaidia. Tukafika kwenye sanduku. Nikang'oa misumari.

Suti ilikuwa imeoza lakini ipo. Tai ilikuwa ya nailoni, na nailoni haiozi. Imefungwa fundo vizuri kabisa, kama mtu anayekwenda ofisini.

Juu ya tai hakukuwa na kitu.

Yule mama Veneranda aliinama akaangalia, akaangalia, kama mtu aliyeangusha sindano. Binamu yangu alitoka ndani ya shimo na sikumwona tena siku hiyo.

Sekretari akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo alichinjwa."

Inspekta akamgeukia baba. "Mzee, huyu alikuwa mgeni wako?"

"Alikuwa."

"Kichwa kiko wapi?"

Baba akasema, "Kiko salama."

Wakuu, niliona pingu zinatoka. Kuua ni kitanzi, hiyo kila mtu anajua. Na mzee wangu anasema kiko salama, kama mtu aliyeulizwa habari za mbuzi.

Inspekta alikuwa mtu wa magharibi huko, hakujua mambo yetu. Alisema, "Mzee, unajua unatuletea vita na nchi ya watu?"

Baba akamjibu, "Vita gani, afande. Hatupakani nao."

Nikaangalia chifu. Chifu ni Mdawida kama sisi, alikuwa amejua tangu sanduku lifunguliwe. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Naye ni mtu wa kanisa.

Ngoja niwaeleze wale wa mbali. Sisi Wadawida, mnaotuita Wataita, zamani mzee wa heshima akizikwa, baada ya muda watu wake walimfukua, wakatoa kichwa, wakakipeleka kwenye pango la ukoo kukaa na wenzake. Huko ndiko anaongeleshwa, anamwagiwa mbangara, ile pombe yetu ya miwa, anaambiwa habari za nyumbani. Hapo ndipo mtu ameketi. Wamishonari walikataza, na mimi nilijua yaliisha kabla sijazaliwa.

Baba alisema mbele ya wote, na pingu mkononi. Alisema siku ya soko, watu wote wakiwa wameshuka, kaburi likiwa bado udongo kabla sijaweka simiti, alifukua peke yake. "Serikali yake ilisema haimjui. Kanisa lilimwombea likaenda nyumbani. Akabaki amesimama juani kwangu. Mtu hawezi kusimama milele. Nikampa ukoo wangu akae."

Sekretari akasema huo ni ushenzi na lazima waandike rasmi. Mama Veneranda ndiye aliyesema, "Nipelekeni alipo."

Tukaenda sisi watano, chifu akabaki kulinda sanduku, alisema. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wetu wa msimu wa baridi, unaona miguu ya mwenzako tu. Njia inapita kwenye vichaka vyenye umande. Hakuna ndege aliyelia, na Ronge ndege hawanyamazi.

Pango si pango la kuingia. Ni mwamba uliolala kama paa. Chini yake wamepangwa, mmoja baada ya mwingine, wengine wamekuwa kijani. Babu zangu hao. Mimi ndiyo nilikuwa nawaona mara ya kwanza na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Sekretari akauliza, "Ni yupi?"

Baba alisogea kando, akapisha.

Mama Veneranda akaanza kuongea kwa lugha ya kwao. Polepole, kama mtu anabisha hodi nyumba ya watu. Akauliza kitu. Mimi silijui neno hata moja la lugha ile, lakini swali ni swali.

Ndipo baba yangu akajibu.

Kwa lugha ile ile. Sauti ni yake, ile ya tumbaku, lakini maneno yanateremka haraka bila kujikwaa. Na baba yangu hata Kiswahili alikuwa anakitafuta.

Mama Veneranda akaketi chini kwenye matope. Akauliza tena. Baba akajibu tena, safari hii maneno mengi, na mwisho akageuza uso akamwangalia Sekretari.

Sekretari akavua miwani. Inspekta alikuwa amenishika bega, na aliniumiza.

Mama Veneranda akainuka, akasema kwa Kiswahili, "Tushuke. Funga sanduku lile hivyo hivyo."

"Mama, halina kichwa," Sekretari akasema.

"Ninyi mnataka kitu cha kuwekea bendera. Mnacho. Ndugu yangu anakaa hapa."

Inspekta akauliza, "Na mimi niseme nini kwa wakubwa?"

"Sema dada yake amemtambua. Na umfungue mzee."

Akafungua. Sanduku likafungwa, bendera ikawekwa juu, Land Rover zikashuka. Tulisikia baadaye kwamba kule alizikwa kwa mizinga na rais akahutubia. Serikali mbili zikaendelea na urafiki wao, na kahawa ikapita.

Kabla hajapanda gari, nilimvuta Sekretari pembeni, nikamwomba aniambie baba alisema nini. Alikataa kwanza. Kisha akaniambia.

Yule dada aliuliza, ni wewe? Baba akamjibu kwa jina la utoto la Balozi, ambalo mama yao tu alikuwa anamwita nalo. Dada akauliza, unataka kurudi? Akajibu: walionifukuza na wanaonirudisha ni wale wale, niache nikae.

"Akasema pia nani alichukua passport yake," Sekretari akasema. "Nilikuwa karani wakati huo." Akafunga mlango wa gari.

Jioni ile nilimuuliza baba, lugha ile alijifunza lini. Akanikazia macho. "Lugha gani? Mimi nilikuwa nakohoa. Ukungu ule."

Wengine mtasema Balozi alimfundisha, walikaa pamoja miaka. Inawezekana. Nimelifikiria sana hilo. Ila mimi sikuwahi kumsikia baba akisema hata neno moja la kule.

Kanisa lilimvua baba uzee wa kanisa. Hakulalamika.

Siku chache baadaye nikiwa bado nyumbani, yule inspekta akapanda mlima peke yake, bila yunifomu, amebeba sukari na majani ya chai. Akaketi. Akazunguka na habari za mvua. Mwishowe akasema ana kaka yake mkubwa, alichukuliwa na Waingereza kwenda vita vya Burma, hakurudi wala hakuzikwa mahali wanapojua. Mama yao alikufa akimwekea chakula. Akauliza kama mzee anaweza kumuulizia.

Baba akasema, "Mwanangu, mimi sijui kitu. Nilikuwa nakohoa."

Inspekta akainamisha kichwa. Akataka kuinuka.

"Lakini keti," baba akamwambia. "Alikuwa mtu wa namna gani huyo kaka yako? Anza na jina."

Akaanza. Aliongea mpaka jua likazama.

Wakuu, nilichojifunza mimi na elimu yangu ndogo ni hiki: serikali inaweza kumjua mtu leo na kesho isimjue, na keshokutwa ikamjua tena ikimhitaji. Msiwaachie wao kazi ya kuwakumbuka watu wenu.

Kama kuna mtu humu ndugu yake alipotelea nchi za watu, aandike hapa chini alikuwa mtu wa namna gani. Nasoma polepole lakini nasoma zote. Na wale wa kusema mzee ameota, karibuni pia, nafasi ipo.