Jiwe Lililopikwa Likoni

Juzi mjukuu wangu alikuwa barazani akisoma kitabu cha shule kwa sauti, nami nachambua mchicha. Akasoma kwamba vito vya kule Taita vilianza kama tope la bahari ya kale. Tope likazikwa chini sana, likabanwa, likachomwa na joto la ardhi hata likawa mwamba, na jiwe likakua humo ndani kwa miaka isiyohesabika. Ukijani wake ni madini yaliyokuwamo kwenye tope lile lile. Mchicha ukanitoka mkononi.

Mwenzangu, utotoni nilikuwa na akili mimi. Darasani hakuna aliyenishinda hesabu. Kisha mjomba akarudi kutoka machimboni Taita na jiwe la kijani, dogo kama njugu, linang'aa kama jani lililonyeshewa. Nyanya, mamake, akaligeuzageuza kiganjani.

"Mmelichuma bichi hili," akamwambia. "Jekundu ndilo lililoiva."

Akalizika chini ya mafiga, pale tulipopikia muhogo wa nazi, nami nikatolewa shule niutunze moto usizimike. Makumbi, vifuu, moshi, macho yamenivimba. Mwalimu alikuja kuniulizia. Nyanya akamjibu, "Huyu akija kwako, utakuja kupuliza wewe?" Majirani wakacheka. Nami nikacheka, mtoto.

Vuli ikapita, masika yakapita. Siku ya kulifukua, nyanya alilitoa majivuni kwa koleo, la moto vile vile, akalitumbukiza katika maji ya mtungi. Likalia ta. Likatoka vipande, vyeupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Mjomba akaketi chini. Nyanya akaushika mwiko, akanipiga nao usoni.

"Mvivu wewe. Ulilala, moto ukapoa."

Niliporudi shule niliwekwa na watoto wadogo, wakaniita Mama Jivu. Nikaacha. Nyanya naye, mpaka anakufa, kila mgeni alimwonyesha mimi: huyu ndiye aliyeunguza utajiri wetu. Na wageni walicheka, wallahi, huku wanakula mahamri niliyoyakanda mimi.

Leo jiko lile limejengewa vyumba vya kupangisha, na wapangaji hawajui wamelala juu ya nini. Jiwe lilikuwa limeiva siku lilipoingia nyumbani. Waliojua kunicheka wote wamezikwa, nami natamani kumfukua hata mmoja nimsomee ukurasa ule.