Burl Stegall na Maji Mafu

Popote Burl Stegall alipokaa, kisigino chake cha kulia kilipiga sakafu. Du-du, kimya, du-du-du. Alipiga kanisani katikati ya mahubiri, alipiga kwa daktari wa meno, na siku ya kumzika mkewe Fayrene alipiga mbao za kanisa mpaka mchungaji akadhani anaharakishwa, akafupisha maombi. Waombolezaji wengi walimshukuru.

Chanzo cha tabia hiyo kilikuwa samaki. Katika ziwa la Tolliver, kaskazini mwa Texas, mvuvi wa samaki aitwaye chotara hatoki bila mpini wa ufagio wa kugongea sakafu ya boti. Chotara aliye kilindini akisikia vishindo hudhani wenzake wamepata chakula, naye huja mbio asipitwe. "Kama wajomba zako wakisikia kifuniko cha sufuria," Burl alimweleza bintiye Twyla alipokuwa mdogo. Twyla sasa ana miaka arobaini na mitatu, anafundisha chuoni huko Fort Worth, na hajapata kusikia maelezo yaliyo wazi zaidi ya hayo.

Chotara mwenyewe ni samaki wa jamii ya besi anayetengenezwa na wataalamu wa jimbo kwenye mabwawa yao, mzazi mmoja besi wa mistari mwenye asili ya baharini, mwingine besi mweupe wa mtoni. Amerithi mwili wa mmoja na hasira za mwingine, na hazai. Kila mwaka lazima vifaranga vipya vimwagwe ziwani, la sivyo ukoo unakwisha.

"Ndiye samaki pekee mwenye akili," Burl alisema mwezi wa Agosti, Twyla alipoingia na sanduku lake. "Hana mtoto wa kuja kumwambia ahame nyumba yake."

"Sijasema kitu bado, Baba."

"Umekuja katikati ya wiki na keki ya dukani. Umeshasema."

Aliyempigia Twyla simu alikuwa Odell Farris, jirani, rafiki wa Burl tangu shule ya msingi na mhanga wake kwa muda huohuo. Odell alikuwa amemkuta Burl karibu na ukuta unaozuia maji ya ziwa, mashine imezimwa, boti inazunguka taratibu na upepo. Alipomuuliza ana shida gani, Burl alijibu kwamba anapumzika. Baadaye kidogo akamuuliza Odell, kwa adabu isiyo ya kawaida yake, gati liko upande gani. Odell alisema ile adabu ndiyo iliyomtisha.

Twyla alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya wazee iliyo karibu na kwake, mahali safi penye mapazia ya rangi ya krimu. Alimwonyesha baba yake picha.

"Wana ziwa?"

"Kuna chemchemi uani."

"Kina chake?"

"Baba."

"Nauliza tu. Mtu huuliza kina kabla ya kuingia."

Mwishowe walikubaliana, kwa jinsi watu wa familia ile walivyozoea kukubaliana, yaani Burl alisema na mwingine akanyamaza. Kesho yake wangetoka kuvua. Kama Burl angekosea jambo moja la maana, sanduku lingefungwa naye angekwenda bila neno. Asipokosea, Twyla angerudi Fort Worth na picha zake za mapazia, na habari ya nyumba ya wazee isingetajwa tena.

Kosa la maana lilikuwa lipi, hakuna aliyehitaji kulitaja. Kwenye ziwa lile, wakati wa kiangazi, lilikuwa moja tu.

Jua likishachemsha Tolliver wiki kadhaa, maji hugawanyika mapande mawili. Ya juu yana uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Ya chini ni baridi na hayana pumzi hata chembe, na wenyeji huyaita maji mafu. Chotara hapendi joto, lakini hapendi kufa pia, kwa hiyo hukaa palepale juu ya mpaka. Chambo kikiwa juu kidogo, atapanda kukifuata. Kikivuka mpaka kikashuka kwenye maji mafu, umezika shadi, yule dagaa mnene wanayemtumia kwa chambo, na umemzika bila hata wimbo. Zamani Odell aliwahi kufanya hivyo asubuhi nzima huku akikodolea vioo vyake vya kuonea samaki, vioo vitatu, kimoja kikubwa kuliko televisheni ya sebuleni. Burl aliitangaza habari hiyo kwa kinyozi, kanisani, na kwenye harusi ya pili ya Odell, mbele ya bibi harusi. Tangu hapo alimtambulisha kwa wageni kama mwenye huduma ya mazishi.

Burl hakuwa na kioo hata kimoja. Alipima kina kwa mivuto. Alishika mshipi, akauvuta kutoka kwenye kigurudumu mpaka pete ya kwanza ya fimbo, akauachia ushuke, akavuta tena, huku akihesabu chini kwa chini kama anayesali.

Asubuhi ile alianza vizuri mno. Alitupa kimia kikafunguka duara kamili juu ya maji, akakipandisha kimejaa shadi wanaometameta. Aliwatia kwenye pipa la mviringo, kwa sababu shadi akikuta pembe hujibana humo mpaka afe. "Kama Wabaptisti kwenye harusi yenye dansi," alisema, akatia chumvi konzi moja kuwapoza. Aliendesha boti moja kwa moja hadi juu ya mkondo wa mto wa kale uliofunikwa na ziwa bila kuuliza njia. Twyla akaanza kutunga kichwani maneno ya kuwaomba radhi watu wa mapazia. Alishangaa kuona jinsi alivyokuwa na furaha. Alikuwa amekuja kushinda kesi, na sasa alitamani ashindwe.

Odell alikuwa pale karibu, kwa bahati tu, bahati ambayo Twyla aliipigia simu jioni iliyotangulia.

"Burl! Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie ukanishikie kiti. Chagua cha mbali na mkeo wa kwanza."

Burl akarudia kazi yake. Alitunga shadi puani, akaanza mivuto. Alihesabu hadi idadi aliyoijua tangu kabla Twyla hajazaliwa, akatua, akatazama vidole vyake vilivyoshika mshipi. Kisha akaanza tena, moja.

Twyla alisikia. Fimbo ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu pia, na hapakuwa na mtu aliyemkatiza. Angeweza kusema. Hakusema, wala hakujua kama kunyamaza kwake kulikuwa heshima ya mtoto au ujanja wa wakili.

Burl alichukua mpini wa ufagio akagonga sakafu. Chini yao kukawa kimya. Upande wa pili fimbo ya Odell ilipinda mpaka ncha ikagusa maji.

Burl akavuta mshipi wake wa kwanza. Shadi alipanda mweupe, mdomo wazi, amelegea kama ulimi wa kiatu. Akavuta wa pili. Akavuta wa tatu. Aliwapanga wote watatu kwenye kiti, ubavu kwa ubavu, akavua kofia.

Twyla alimtazama Odell. Mtu yule alikuwa amengoja nafasi hii miaka mingi. Mzaha wake ulikuwa umeiva zamani, pengine hata alikuwa ameufanyia mazoezi.

"Hata wangu wamekufa, Burl," Odell aliita. "Maji mafu yamepanda leo."

"Fimbo yako imepinda, Odell."

"Nimenasa gogo."

"Gogo linalokimbia kwenda kusini?"

"Magogo ya siku hizi hayatulii."

Burl alicheka kwa muda mrefu, mpaka ikabidi ajifute macho. "Tangu darasa la pili hujui kusema uongo," alimwambia. "Pandisha samaki wako kabla hajaona aibu kwa niaba yako."

Kisha akampa Twyla fimbo. "Vuta wewe. Hesabu kwa sauti, nisikie."

Twyla alihesabu. Alipofika alipofundishwa utotoni alisimama, na baba yake akatikisa kichwa kukubali. Burl akagonga sakafu. Hawakungoja sana. Chotara alipiga kama mtu anayevunja mlango, akauburuta mshipi chini ya boti na kurudi, mpaka Burl alipomtia wavuni. Mistari ya ubavuni ilikuwa imekatikakatika.

"Mzuri," Burl alisema. "Ameudhika vya kutosha."

Alimwachia majini. Halafu, bila kuambiwa, aliondoka kwenye usukani, akakaa kiti cha abiria, kile ambacho kwa maisha yake yote aliwakalisha wakwe na wahubiri.

"Sanduku la kijani liko juu ya kabati," alisema. "Chukua hilo la mama yako. Langu wamezalia panya."

Twyla aliwasha mashine. Njiani kwenda gatini Burl alisema mara moja kwamba bintiye anapinda kona kama kasisi.

Kwenye nyumba ya wazee Burl aliichukia chemchemi, mapazia, na hasa samaki wa Ijumaa, ambaye alikuja sahanini akiwa mraba wa pembe nne. "Nimevua miaka sitini," alimwambia mpishi, "sijamwona huyu." Odell alimtembelea akimletea habari za uongo za chotara wakubwa, na Burl alizirekebisha mpaka zikaaminika. Majira ya baridi yalipoingia alianza kumwita Twyla jina la Fayrene. Mwanzoni Twyla alimsahihisha. Baadaye aliona ni kazi ya bure kumfisha mama yake upya kila Jumapili, akawa anaitika.

Jumapili ya mwisho mwezi wa Februari Twyla alikaa naye muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa nje kulikuwa na barafu na yeye hakuwa na pa kwenda. Burl alimtazama kwa makini, kama anayetaka kukumbuka deni, akamgusa goti.

"Nenda zako nyumbani, binti," alisema. "Mtu akikawia sana hapa, wanampa chumba."