Plagi ya Tatu Ilikuwa Yangu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nyamirambo, hapa Kigali, na wazazi waliorudi kutoka Bukoba, gari la nyumbani halikuwa na fundi. Lilikuwa na Baba. Na Baba alikuwa na sisi wanne: kaka yetu mkubwa Aimable, dada Klemensi, mimi Zawadi, na kitinda mimba tuliyemwita Kadogo, ambaye leo ana kitambi na bado tunamwita Kadogo.

Mnaokumbuka magari yale ya usukani wa kulia mtanielewa. Baba alilivusha mpaka wa Rusumo likiwa na magodoro juu, na kwa kuwa huku tunaendesha upande wa kulia, Mama aliyekaa kushoto ndiye aliyeiona barabara ya mbele. Baba hakulipita lori mpaka Mama aseme "Pita!" Akisema "Subiri wewe!" tunasubiri, hata kama ni mpaka Muhanga. Sijaona tena mume na mke waliosikilizana vile barabarani.

Injini ilikuwa na plagi nne, na Baba aliamini kabisa kwamba hilo halikuwa jambo la bahati tu. Kuanzia upande wa mkanda, ya kwanza ilikuwa ya Aimable, ya pili ya Klemensi, ya tatu yangu, ya mwisho ya Kadogo. Mama akafunga uzi wa rangi kwenye kila waya ili tusichanganye. Wangu ulikuwa wa kijani, uliobaki aliponishonea sketi ya shule.

Gari likianza kukohoa, tulisubiri Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo watu wote wako kwenye kazi za mtaa na magari hayatembei, kwa hiyo injini imelala baridi tangu jana, na Baba alikuwa hagusi plagi ya injini yenye moto. Alirudi na jembe begani, matope mpaka magotini, akafungua boneti kabla hata ya kunywa chai. Jikoni Mama anakaanga mandazi. Harufu ya mandazi na ya petroli zilichanganyika pale uani, na mpaka leo nikisimama kituo cha mafuta nasikia njaa.

Kila mmoja alipanda juu ya kreti la soda na kufungua yake. Baba aliipokea, akaigeuza juani, akaisoma. Ikiwa ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa na masizi, mwenyewe alisomewa makosa yake ya mwezi mzima. "Kadogo, hii nyeusi hivi, ni siku ile ulipomjibu mama yako vibaya." Kadogo alilia kweli kweli, akaapa kubadilika. Tulizisugua kwa msasa, Baba akapima mwanya kwa kipande cha msumeno, kisha tukazirudisha. "Vidole kwanza, spana baadaye," ndiyo ilikuwa sala yake, maana plagi ikiingia kombo ukailazimisha, umeua injini.

Na hakuna aliyeruhusiwa kufunga ya mwenzake. Mara moja Aimable alishikwa na malaria tukiwa tumeshazifungua. Gari likakaa na tundu wazi, Baba akaenda kazini kwa miguu, na jirani zetu wa Biryogo wakamcheka njia nzima. Siku homa ilipopungua, Aimable akatolewa nje amefungwa blanketi, akaifunga mwenyewe. Injini ilipowaka, Mama alipiga vigelegele mlangoni.

Watoto wetu wa leo, taa ikiwaka kwenye dashibodi wanaipiga picha na kututumia. Wa kwangu aliniuliza kama chini ya boneti kuna kitu. Simlaumu sana. Magari ya umeme yanayopita sasa hayakohoi, hayanuki, wala hayana plagi ya kumpa mtoto.

Mama tulishamzika. Tangu siku hiyo hatujakaa wanne kwenye ua ule, ingawa wote tunaishi humu humu Kigali, mji unaouvuka kwa pikipiki kabla chai haijapoa. Miezi michache iliyopita gari lile lile la Baba likaanza kukohoa. Baba akanunua plagi nne mpya, akazipanga dirishani, akatupigia simu mmoja mmoja: Jumamosi ya umuganda, njooni.

Nilikwenda mimi. Aimable akanipigia: "Zawadi, niko na wageni. Mwambie Muzee natuma fundi mzuri." Klemensi ana duka Gisimenti, akasema Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Kadogo akasema, "Ndaza, ndaza," yaani anakuja, na mpaka sasa anakuja.

Zile kuukuu Baba alikuwa ameshazitoa zote nne, nikaifunga yangu mpya. Uzi wa kijani umepauka, karibu uwe mweupe. Nikainyoosha mikono kuchukua ya Aimable, na Baba akaniwekea kiganja juu ya vidole.

"Hiyo ina mwenyewe."

"Baba, basi aje huyo fundi amalizie."

"Fundi alizaliwa humu ndani?"

Akaziba matundu matatu kwa vitambaa safi, akashusha boneti. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Niliumia tu, na bado naumia, kwa sababu yule aliyemsubiri mtoto mgonjwa apone ndiye huyu anayewasubiri watu wazima wenye afya njema.

Nimewaeleza wote. Kila mmoja anasema mwezi ujao.

Basi kila Jumamosi ya umuganda naenda. Baba ananifungulia boneti, naitoa plagi yangu, ile pekee, naifuta, nairudisha isije ikagandia. Vidole kwanza. Halafu tunakaa uani na chai, maongezi kidogo. Ikifika saa tano barabara zinafunguliwa, magari yanaanza kupanda mlima wetu, na kila moja likikata kona ya kwetu Baba anakatiza maneno, anasikiliza kama litasimama.