Itsuko Chini ya Kirikuu

Itsuko alikuwa mtu wa wasiwasi. Akizima jiko hurudi kuligusa. Akifunga mlango huusukuma mara mbili, na akifika barabarani anaanza kujiuliza kama aliufunga kweli. Mwenyewe alisema ugonjwa huo aliupata kiwandani, kule Aichi, alikoshona viti vya magari kwa miaka ishirini na minne. Pale ukikosea wewe kazi yote inasimama, na watu thelathini wanageuza shingo kukutazama. Alirudi kwetu Tottori, mkoa wa pwani hapa Japani, akiwa na miaka hamsini na tatu, mama yake alipozidiwa. Akamzika, akabaki.

Alikaa kwenye kijumba cha uani. Kwenye nyumba kubwa aliishi Chizuru, mjane wa kaka yake Mitsunobu. Mawifi hao walilima pamoja shamba la rakyo, vile vitunguu vidogo vyeupe vinavyopenda mchanga wetu wa pwani, na walitumia kirikuu moja, pikapu ndogo ya mizigo aliyoiacha Mitsunobu. Lakini hawakuwa wanaongea. Siku ya mazishi ya mama, mbele ya ukoo mzima, Itsuko alitamka, "Mama yangu kafa akilishwa wali uliopoa." Chizuru, aliyekuwa amemuuguza mama huyo, aliweka chini trei ya chai aliyokuwa ameishika, akatoka nje, na tangu siku hiyo, miaka mitatu, hakumwambia wifi yake hata habari za asubuhi. Kukiwa na jambo la lazima waliandikiana kikaratasi na kukibana chini ya waipa ya gari. Mafuta yamebaki nusu. Kesho kreti arobaini. Ekzosi inalia.

Na kweli ilikuwa inalia. Upepo wa bahari, na ile chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, vilikuwa vimelila bomba mpaka likawa na tundu la kuingiza kidole gumba. Kirikuu ikipita, mimi niliye ng'ambo ya mashamba niliisikia kama iko jikoni kwangu. Ukaguzi wa gari ulikuwa Jumatano, na kwa kelele ile isingepita. Isipopita, hairuhusiwi kutia gurudumu barabarani. Ilikuwa Juni, mavuno yamepamba moto, na rakyo ikishang'olewa haisubiri mtu.

Itsuko alipiga simu gereji ya mjini.

"Mama, labda baada ya wiki mbili," fundi akamjibu. "Msimu huu kila mtu ananiletea lake."

Usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi aliagiza ekzosi ya bei nafuu, si ile halisi ya kampuni, na siku ya tatu ikafika ndani ya boksi refu, inang'aa kama sufuria mpya. Magari aliyafahamu kidogo, maana kiwandani alikuwa na marafiki wa upande wa chuma, na Mitsunobu alipokuwa hai alipenda kumwita amshikie spana akija likizo. Aliyasoma maelekezo mara nne, akapiga mstari kwa penseli chini ya kila onyo.

Jumatatu, saa nne asubuhi, aliinua sehemu ya nyuma ya kirikuu kwa jeki, upande mmoja kisha wa pili, akaweka stendi mbili za chuma. Uwanja wao ni mchanga mtupu, kwa hiyo chini ya kila stendi alitanguliza kipande cha ubao. Alitikisa gari. Lilitulia. Akatikisa tena. Akalaza gurudumu la akiba chini ya chesisi, kwa tahadhari, akavaa glavu, akajilaza chali kwenye boksi alilolikunjua, akaingia.

Hatua kumi kutoka hapo, kibarazani, Chizuru alikaa akikata mizizi ya rakyo kwenye ubao mnene wa kukatia. Alikuwa ameligeuzia gari mgongo.

Bolti za zamani zilikuwa zimegeuka kutu tupu. Itsuko alizipulizia dawa ya kulegeza, akasubiri, akajaribu, zikagoma. Mwishowe alizikata kwa msumeno wa chuma, unga wa kutu ukimwingia machoni. Ilimchukua saa mbili. Bomba kuukuu lilipoanguka aliliburuta nje, akanywa chai ya shayiri, akaingia tena na ekzosi mpya kifuani. Ilibidi aining'inize kwenye mipira mitatu, halafu aiunganishe mbele na bolti mbili. Mpira wa kwanza uliingia. Wa pili ulikuwa mgumu. Alivuta kwa nguvu, gari likacheza kidogo.

Ubao wa kushoto ulikuwa wa kreti ya zamani, umeliwa ndani. Ulipasuka.

Chizuru alisikia mlio mkavu, kisha kishindo, kisha vumbi. Hakugeuka mara moja. Alisubiri asikie wifi yake akilaani, maana Itsuko akidondokewa hata na kijiko hulaani. Hakusikia kitu. Halafu ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya kabati.

"Wifi."

Miaka mitatu hakuwahi kuitwa hivyo. Alitupa kisu, akakimbia peku.

Kirikuu ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto. Gurudumu la akiba ndilo lililoizuia isishuke yote, ila ilishuka vya kutosha kuibana ekzosi mpya juu ya kifua cha Itsuko. Chizuru aliinama, akaona uso wenye kutu na macho mawili yaliyotoka pima.

"Unapumua?"

"Kidogo."

"Miguu inacheza?"

"Inacheza. Usi... usiguse gari."

Chizuru alitoa simu kwenye aproni. Mara mbili alikosea namba, namba yenyewe ina tarakimu tatu tu. Sauti ya upande wa pili iliuliza mahali, ikauliza hali, ikasema gari la wagonjwa litafika baada ya dakika ishirini na tano.

"Ishirini na tano!" Chizuru alipiga kelele. "Kafinywa kifua huyu! Nyie mnakuja kwa baiskeli?"

Majirani wote tulikuwa mashambani. Nyumba iliyo karibu ilikuwa imefungwa. Aliita mara tatu, akajibiwa na mbwa. Akarudi akapiga magoti.

"Wifi, nifanyeje? Niambie."

Itsuko alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, kila moja ikigonga chuma na kurudi. Alisikia harufu ya mafuta. Alijiuliza kama tangi limepasuka, kisha akajiuliza kama gurudumu linazama mchangani. Lilikuwa linazama. Ukucha kwa ukucha, lakini alihisi uzito ukiongezeka.

"Jeki," alisema. "Iko... hapo kulia. Iweke chini ya ekseli. Lakini mchanga... tafuta kitu kipana."

Chizuru alikimbilia kibarazani, akaufagia ubao wa kukatia kwa mkono mmoja, rakyo zikamwagika uwanjani, akarudi nao. Akauchimbia mchangani, akasimamisha jeki juu yake. Jeki hakuwahi kuishika maishani mwake. Kazi hiyo ilikuwa ya Mitsunobu, na baada yake ya Itsuko.

"Mkono wake unazungushwa wapi?"

"Kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Chizuru!"

"Usinifokee! Nikizungusha kinyume je? Nikikushushia gari?"

"Jeki haijaligusa bado. Zungusha tu."

Akazungusha. Jeki ilipanda, ikaigusa ekseli, ikaanza kulia. Kishikio kilimponyoka Chizuru, kikamgonga kifundo cha mkono. Akakishika tena.

"Usinifie," alisema huku machozi na makamasi yanamtoka. "Sikiliza, usinifie hapa. Watu watasema nimekuua. Kijiji kizima kinajua hatusemezani. Polisi watakuja, wataniuliza ulikuwa wapi, nitawaambia nini? Nilikuwa nimempa mgongo?"

Chini ya gari kukatoka mguno. Huenda kilikuwa kicheko.

"Ongea, Itsuko! Usinyamaze!"

"Naumia."

"Vizuri. Endelea kuumia. Miaka kumi na moja nimemgeuza mama yako kitandani, mara nne kwa siku, na mwili wake ule! Hiki chuma kitanishinda?"

Alizungusha. Gari lilipanda kwa upana wa kidole, likateleza kidogo, likasimama. Akazungusha tena, polepole sasa, akihesabu kwa sauti kila mzunguko. Alipofika kumi na saba, Itsuko alisema, "Imeniachia." Lakini alishindwa kujisogeza. Chizuru alishika ncha ya boksi aliyolalia wifi yake, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na boksi likateleza mchangani na mtu juu yake, kama unavyovuta samaki kwenye turubai. Walipokuwa mita mbili kutoka kwenye gari, Chizuru akakaa chini na kutapika.

Wauguzi walipofika waliwakuta hivyo, mmoja kalala, mmoja kakaa, na rakyo zimezagaa uwanja mzima.

Mbavu mbili zilikuwa na ufa. Hospitali walimlaza siku mbili wamwangalie mapafu. Jioni ya kwanza Chizuru alimletea nguo za kubadili na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, kwenye chupa ya kutunza joto. Alimimina kikombe, ikawa inafuka moshi, akamkabidhi bila kumtazama. Itsuko alikishika kwa mikono miwili. Alianza kulia, na kulia kwa mbavu zilizopasuka ni adhabu.

"Lile neno nililolisema msibani," aliongea kwa tabu. "Sikuwa nakusema wewe. Nilijisema mwenyewe niliyekuwa mbali. Likatoka likakuangukia."

Chizuru alikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Uliniaibisha mbele ya watu," alisema mwishowe. "Siwezi kusema limeisha. Kunywa, itapoa."

Jumatano ya ukaguzi ikapita. Waliomba tarehe nyingine, wakapewa Jumatatu, lakini kirikuu ilikuwa bado haina bomba, na gereji jibu lake halikubadilika. Jumamosi Chizuru akasema, "Nitaingia mimi. Wewe kaa kwenye kiti uniambie."

"Hapana."

"Itsuko, rakyo zinaoza."

"Nimesema hapana! Hujui kunavyokuwa mle."

Walibishana mpaka saa sita. Mwishowe Itsuko alikubali kwa sharti kwamba kazi ifanyike kwenye banda la kuoshea, penye sakafu ya zege. Chizuru aliwasha gari bila ekzosi ili alivushe uwanja, na mngurumo ule ulitutoa sote majumbani, tukidhani ndege imeanguka. Ndipo nilipoenda, na yaliyotokea hapo nimeyaona kwa macho yangu.

Itsuko alikagua stendi mara sita. Alinifanya mimi na mume wangu tulisukume gari kwa nguvu zetu zote. Kisha Chizuru akaingia chini, naye akakaa kwenye kiti, kifua kimefungwa bandeji, uso mweupe kama karatasi, na kila chuma kilipogonga chuma alishtuka.

"Umeuweka mpira wa tatu?"

"Nimeuweka."

"Na gasketi? Gasketi mpya, si ile ya zamani."

"Mpya."

"Basi toka."

"Sijakaza bolti, wifi."

"Toka kwanza upumzike, utakaza baadaye."

"Nikitoka sirudi. Niache nikaze."

Itsuko alisimama, akakaa, akasimama. Alikunja aproni yake mpaka kamba ikakatika. Alipoona miguu ya Chizuru inatulia kwa muda, aliita jina lake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima.

"Nipo!" Chizuru alijibu. "Nakuna pua!"

Alipotoka, mweusi toka nywele hadi kiuno, Itsuko alimshika kola na kumtingisha.

Jumatatu walikwenda wote wawili, wakiwa na kibali cha muda cha kuliendesha gari. Kituoni kijana wa ukaguzi alipita chini ya gari akigonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, akasimama muda mrefu chini ya ekzosi mpya huku mawifi wakishikana mikono bila kujijua. Akawauliza nani kaifunga. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Akapiga muhuri.

Siku hizi wanaongea, na wanaongea kupita kiasi. Wiki iliyopita niliwakuta shambani wakibishana kama mvua itanyesha, mmoja ameshika koti la mvua, mwingine akimcheka. Mvua haikunyesha, na Chizuru hakuacha kumkumbusha hadi jua lilipozama.