Ufunguo Uliokwenda Baharini

Mume wangu alikuwa karani wa vibali pale Garissa, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Sote tulikuwa watu wa bara, tuliopelekwa kule na serikali mpya bila kuulizwa. Mashua tuliipata kwa Mzungu wa idara ya maji aliyekuwa akirudi kwao. Alituachia karibu bure, ikiwa imefungwa kwenye hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Wenzetu walitucheka: watu waliokulia milimani, wanaoishi kwenye vumbi, eti wana mashua baharini. Walikuwa na haki ya kucheka. Mume wangu alijifunza mambo ya tanga kitabuni, na mimi kuogelea sijui mpaka leo.

Mwaka wa tatu wa vita, mwishoni mwa Agosti, tulipata likizo pamoja kwa mara ya kwanza. Wakati ule nilikuwa nimekufa ganzi. Risasi zikilia nje ya mji, niliendelea kusahihisha hesabu za watoto. Nikisikia mtu ameuawa njiani, niliuliza kama msafara wa magari utaondoka vilevile. Sijivunii, ila ndivyo nilivyokuwa.

Maziwa yetu yaliletwa kila asubuhi na mama mmoja Msomali, mjane mwenye ngamia saba. Wiki ile ya kuondoka kwetu alikuja na ombi. Habari zilikuwa zimeenea kwamba askari watakusanya mifugo yote ya upande wetu wa mto, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Alitaka kuwavusha ngamia wake daraja la Tana, awapeleke kwa kaka yake upande wa pili.

"Mwalimu, ambia mzee wako anibatie hiyo karatasi," aliniambia. "Mimi nataka kufuka tu. Hii ngamia ikichukuliwa, mimi nimekwisha, wallahi."

Mume wangu alimsaidia, na kwa hilo namsifu. Alimwandikia kibali, na mkubwa wake akatia sahihi Ijumaa alasiri. Ulibaki muhuri tu, na bila muhuri askari wa darajani wasingemruhusu hata huyo mkubwa mwenyewe. Lakini honi za msafara wetu zilikuwa zinalia. Akamwachia karani mwenzake ile karatasi aigonge muhuri Jumamosi asubuhi, akamwambia yule mama aifuate kesho yake, ataikuta tayari.

Jumapili tuliondoka Kilifi na upepo wa kusi nyuma yetu, umepoa, haututishi. Jua lilipokuwa kali mume wangu alivua shati. Shingoni mwake, kwenye uzi mweusi, ulikuwa unaning'inia ufunguo wa kabati la mihuri.

Hakuwa mzembe. Alikuwa karani mwangalifu kupita wote, na uangalifu ndio uliomponza: ufunguo ule hakuuvua hata kuoga. Wa pili ulikuwa umepotea tangu siku za wakoloni. Na kuvunja kabati la serikali wakati wa hali ya hatari, bila barua, hakuna karani aliyekuwa na moyo huo.

Jumatatu tukatia nanga Malindi kununua mkate na maji. Mume wangu alivaa viatu. Alitaka kwenda kituo cha polisi, wampigie mkubwa wake simu ya upepo, waupeleke ufunguo kwa gari. Tulijua sote kitakachofuata. Angeulizwa ufunguo wa serikali unatafuta nini baharini, kisha angeamriwa aurudishe mwenyewe, siku ileile.

"Watalivunja," nikamwambia. "Ofisi nzima hiyo, hawakosi mtu mwenye akili."

Nilijua hawatalivunja. Akavua viatu.

Tulikaa siku tisa kwenye maji yale, tukienda na kurudi kati ya Malindi na Ngomeni. Zaidi ya hapo hatukuthubutu, maana kaskazini nako kulikuwa na vita. Tulikula samaki changu wa kuchoma mpaka vidole vikanuka. Mume wangu aliimba, tena vibaya. Nilihisi njaa, nilihisi jua mgongoni, na nilimpenda mume wangu kama siku za uchumba. Ganzi ilinitoka. Ningependa kusema kwamba nilimwaza yule mama, lakini nimekwisha kuzeeka, uongo wa nini? Sikumwaza.

Tuliporudi, kibali kilikuwa mezani, kimewekewa jiwe kisipeperuke. Karani mwenzake alitueleza kwamba mama alikaa barazani pa ofisi kila siku kuanzia Jumamosi, akiambiwa angoje. Alhamisi askari walikusanya mifugo visimani. Ngamia wote saba walichukuliwa. Mume wangu alimsikiliza, kisha akafungua kabati, akagonga muhuri kwenye kile kibali, akakipuliza kikauke. Sijui alikusudia nini. Sikumwuliza.

Mama nilimkuta kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, walikohamishiwa watu. Alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha kibanda, mikono haina kazi. Alinisogezea mkeka.

"Abaayo, umerudi," akasema, kama dada kwa dada. "Safari ilikuwa nzuri?"

"Nzuri," nikajibu.

"Alhamdulillahi. Ambia mzee wako ahsante sana. Yeye alijaribu. Hiyo wengine ya ofisi ndiyo ilikataa."

Hapo ndipo ningeweza kumwambia habari za ufunguo. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, na hakukuwa na mtu mwingine karibu. Nikamwambia nitamfikishia salamu, kwa sababu nilitaka aendelee kunipenda.