Niru ya Banda la Mbuzi

Ile sakafu ilikuwa mbovu kweli, na hili silisemi kujitetea. Zege la zamani la banda la ng'ombe, limelika hadi kokoto zimetokeza kama meno, mkojo unatuama kwenye mashimo. Mashimo makubwa yalikuwa kumi na saba. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilipata kumi na sita na sikuamini kwamba tungependelewa hivyo.

Banda lilikuwa shambani, nje ya Liverpool, ile ya Australia, tumelikodi mimi na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Mbuzi walikuwa wake: wanne, wote majike. Yeye ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na hapa Sydney alikuwa akihudumia wazee kwenye makao yao. Mimi, ghala la Wetherill Park lilikuwa limenipunguzia shifti, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi na ushauri mwingi zaidi.

Ulikuwa ule msimu wa baridi tuliofungiwa kwa sababu ya korona. Shemeji akitoka kazini alipitia bandani kwanza, alama za barakoa bado ziko mashavuni. Ya kazini hakusimulia. Siku moja tu, akimpapasa tumbo yule mbuzi mweusi mwenye mimba, alisema, "Huku angalau kuna wa kuzaliwa." Sikumuuliza kule kwingine kuna nini.

Mweusi huyo ndiye aliyeanza kuchechemea. Zege lilikuwa linamla kwato. Nikasema, sakafu niachie mimi. Dar nimesaidia mafundi miaka miwili. Nikapata mifuko minane ya saruji iliyochanika pembe, na muuzaji akashusha bei ili tu niondoke getini kwake.

Mbuzi tukawahamishia nje, chini ya turubai. Nikakwangua, nikaosha, nikaziba mashimo, nikamwaga tabaka la mchanga na saruji, nikasawazisha. Ningeishia hapo. Lakini kwetu sakafu isiyopigwa niru ni kazi ya fundi aliyekimbia. Nikakoroga saruji tupu kwenye ndoo hadi ikawa kama uji, nikaanza kuisugua juu ya ile sakafu.

Shemeji akanikuta nimepiga magoti na mwiko wa chuma.

"Shemeji, hiyo si itateleza?"

"Itang'aa."

"Kule kwa kazi hawapendi sakafu ya namna hii. Wazee yetu wanaanguka."

"Wazee wana miguu miwili, shemeji. Mbuzi ana minne. Piga hesabu."

Akacheka kidogo. "Weye! Unaweza kumuuzia mtu kivuli chake."

"Na ataomba risiti."

"Basi acha hata upande mmoja tu ukwaruze."

"Nusu kazi sifanyi."

Alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo. Akainua mikono, akaenda kukaa kwenye gari. Mapatano mengi nimeyashinda kwa kungoja mwenzangu achoke, na hayo nayo niliyashinda hivyo hivyo.

Wiki nzima niliimwagilia maji ikomae. Ikatoka laini, taa ya juu ikawa inaonekana sakafuni kama imezama kisimani. Nikaipiga picha, nikamtumia mke wangu.

Jumamosi asubuhi tukafungua mlango. Mbuzi watatu waliganda kizingitini. Mweusi hakuwa na wasiwasi. Alimfuata shemeji hadi katikati, palipokuwa bado na maji. Miguu ya nyuma ikaachana, mmoja kushoto, mmoja kulia, akaangukia tumbo lake. Hakulia. Aliyelia ni shemeji.

Daktari wa mifugo alipojaribu kumnyanyua, aliteleza mwenyewe, akanishika bega. Akauliza nani ametengeneza sakafu hii. Nikasema mimi. Akarudi kumpapasa mbuzi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Akamchoma sindano ya kumpumzisha, kisha akapasua tumbo haraka, huenda kuna cha kuokoa. Walikuwa wadogo mno, hata manyoya hawajaota vizuri. Niliwahesabu mara mbili. Wawili.

Kesho yake nilirudi na nyundo na patasi, nikaanza kuchimba mifereji kwenye niru yangu mwenyewe, mstari kwa mstari. Siku ya nne shemeji alikuja amevaa nguo za kazi. Akaburuta soli ya kiatu pale katikati.

"Sasa haitelezi," alisema.

"Umebaki upande wa mlangoni. Kesho kutwa unawaingiza."

"Nimewatoa, shemeji. Wote watatu. Jirani anakuja kuwachukua jioni."

Nikavuta pumzi. Nilikuwa na mikeka ya mpira, maranda ya mbao, nilikuwa na hoja sita zimepangwa tayari.

"Usianze," akasema, bila hasira. Akatazama saa, akavaa barakoa yake, akaenda zamu.

Nikaendelea kugonga kuelekea mlangoni. Nusu kazi sifanyi.